Rangi ya Geti la Mzee Kiwelu

Mchana kazi yangu ni meno ya watu:
kauri, tanuru, brashi ya nywele tatu,
na kibao chenye weupe wa namna kumi na sita,
maana hakuna jino jeupe tu.

Usiku, hapa Pasua, kwenye meza ya mama,
namwaga kopo la biskuti juu ya gazeti:
mbilikimo wawili, mchawi aliyepinda fimbo,
mifupa mitatu yenye ngao,
joka lisilo bawa la kushoto,
na zimwi.
Wazito wote. Wa risasi,
risasi ambayo haijawahi kumuua mtu
ingawa mama aliapa itatuua sisi:
Msilambe hizo brashi!
Tulizilamba, Ndesario. Ncha haikai bila mate.

Uliwanunua Kiboriloni mitumba ilipoanza kuruhusiwa,
chini kabisa ya rundo la makoti.
Muuzaji hakujua ni nini.
Alikupimia kwa kilo, kama misumari.

Kitabu cha sheria hakikuwamo, tukatunga zetu:
buni sita kiganjani, zitupwe,
ubapa ni jeraha, mgongo ni kupona.
Rangi nazo tukaziokota.
Wekundu ulitoka kwenye kucha za shangazi Aikande,
weusi ndani ya betri iliyokufa,
na kijani
ulikikwangua usiku, kwa kijiti cha kiberiti,
kwenye geti la Mzee Kiwelu likiwa bado bichi.
Asubuhi geti lilikuwa na kovu
na zimwi letu lilikuwa na ngozi.

Siku hizi nina vichupa, taa ya kuinama, lenzi ya kazini.
Najua kuizimua rangi mpaka iwe kama chai ya rangi,
itiririke yenyewe kwenye mikunjo ya joho.
Najua brashi kavu, ile inayogusa kingo tu,
kama theluji ya Kibo mwaka ikiwa haba.
Mbilikimo mmoja nimempa macho, saa nzima:
jicho moja linatazama Arusha, jingine Himo.

Lakini kwanza huvuliwa.
Mafuta ya breki ndani ya chupa ya jamu,
walale humo, kisha mswaki.
Nikamshika zimwi kichwani, nikamchovya,
na simu ikaita. Mteja. Daraja limeng'oka akila kisusio.
Nikaikata, nikamtoa:
mguu mmoja mtupu, unang'aa kama kijiko,
na kijani kinaelea juu ya mafuta
kama utando wa maziwa.

Geti halipo.
Mzee Kiwelu hayupo, pale sasa pana ukuta na kamera.
Na wewe uko Kilema, migombani, tangu Pasaka.

Nikachanganya. Bluu, manjano, tone la kahawia.
Mimi niliyempa bibi wa miaka themanini jino
ambalo majirani zake wawili walidhani wamezaliwa nalo,
nilishindwa na kijani.
Kikawa cha jeshi. Kikawa cha basi. Kikawa cha mchicha.
Mara kumi na moja.
Umeme ukakatika nikiwa nimekaribia kabisa,
na uliporudi nikaona
sikuwa nimekaribia.

Nimemwosha. Mguu nimeuacha hivyo hivyo.
Wenzake watasimama kabatini wamevaa upya,
na atakayeuliza aambiwe huyu alivuka Rau, mvua za Aprili,
akalowa mguu mmoja tu.

Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniona,
nimetupa buni sita.
Tano, mgongo.
Ya sita imeviringika chini ya kabati.
Sitaitafuta.